Lowell kwa miguu: kutoka maporomoko ya mto Merrimack hadi gati la Salem

Siku ya kwanza: maporomoko na lango la tani ishirini

Ukishuka treni ya Boston katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts, mabango yote yanakuelekeza kwenye makumbusho. Usiende huko kwanza. Panda upande wa juu wa mto, hadi Pawtucket Falls. Hapo Merrimack unashuka karibu mita 10 katika mwendo wa kilomita moja na nusu hivi, na mteremko huo ndio ulioujenga mji. Pamba ilitoka mbali, na wafanyakazi wengi walitoka mashambani. Kitu pekee ambacho Lowell ilikuwa nacho chake ni maji yanayoanguka, na wenye mji waliyauza kwa kipimo.

Biashara ya kwanza hapa haikuwa nguo. Mwaka 1792 kampuni yenye jina refu, Proprietors of the Locks and Canals on Merrimack River, ilianza kuchimba mfereji wa kuzunguka maporomoko ili magogo na mbao vishuke salama hadi Newburyport, pwani. Pawtucket Canal ulikamilika 1796. Miaka saba tu baadaye Middlesex Canal ukafunguliwa, ukawapa wenye mbao njia fupi ya kwenda Boston, na mfereji wa Pawtucket ukakosa wateja. Ulikaa karibu miaka 20 bila kazi ya maana, mpaka 1821 matajiri wa Boston walipokuja kununua kimyakimya mashamba yaliyouzunguka pamoja na hisa za kampuni yenyewe.

Matajiri hao walikuwa washirika wa Francis Cabot Lowell. Yeye alikwenda Uingereza 1810, akatembelea viwanda vya nguo, akarudi na ramani ya mitambo kichwani, kwa kuwa sheria za Kiingereza zilikataza michoro na mashine kutoka nje ya nchi. Pamoja na fundi Paul Moody aliunda kitanda cha kufumia kinachoendeshwa kwa nguvu za maji, kikawekwa katika mji wa Waltham, kando ya mto Charles. Kiwanda cha Waltham kilifanya jambo jipya: robota la pamba liliingia mlango mmoja na jora la kitambaa likatokea mlango mwingine. Lowell alifariki 1817, asiuone mji uliopewa jina lake. Mto Charles ulikuwa mdogo, na wenzake wakatafuta mkubwa zaidi.

Ukuta wa bwawa la Pawtucket unastahili kutazamwa kwa makini. Kwa muda mrefu juu ya mawe zilisimamishwa mbao za kuongeza kina cha maji, zikashikiliwa na vyuma vyembamba. Vyuma hivyo vilifanywa dhaifu kwa makusudi. Mafuriko yakija, vinapinda, mbao zinaondoka, mto unapita bila kuinua maji hadi kwenye nyumba za watu wa juu. Ungetumia vyuma imara, ungeokoa mbao na kuzamisha mtaa.

Kando ya bwawa kuna jengo la malango ya Northern Canal, mfereji uliochimbwa 1846 hadi 1848 chini ya mhandisi James B. Francis. Malango ya mbao ni 10, na mtambo wa kuyainua uliendeshwa na maji ya mfereji wenyewe. Mfereji una upana wa mita 30 hivi, na upande wa mto umezuiwa na ukuta mrefu wa matale unaoitwa Great River Wall. Ukisimama juu yake, mkono mmoja unaona maji yaliyotulia ya mfereji, mkono mwingine mto uko chini kabisa kwenye miamba. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo bidhaa.

Jioni fuata Pawtucket Canal hadi Guard Locks. Hapo Francis alitundika mwaka 1850 lango la mbao za msonobari lenye uzito wa zaidi ya tani 20, likining'inia juu ya mfereji kwa pingu ya chuma. Watu walilicheka, wakaliita upumbavu wa Francis, maana wazee wa mji hawakukumbuka mafuriko ya kuhitaji kitu kama hicho. Aprili 1852 mto ulifurika, pingu ikakatwa kwa patasi, lango likaanguka mahali pake na mji ukapona. Liliangushwa tena 1936. Mwaka 2006 lango la zamani halikuguswa, ikatumika mihimili ya chuma.

Siku ya pili: mifereji na bei ya maji

Chukua ramani ya mifereji kabla ya kuanza. Yote kwa jumla ina urefu wa kilomita 9 hivi, na bila ramani utazunguka bila kuelewa kwa nini maji haya yako juu ya yale.

Mahali pa kuelewa ni Swamp Locks. Kutoka hapa Merrimack Canal, wa 1823, unakwenda moja kwa moja kuelekea mtoni na kutumia anguko lote la takriban mita 9. Huu ulitengewa kampuni ya kwanza, Merrimack Manufacturing Company, ambayo magurudumu yake yalianza kuzunguka mwaka huohuo. Mifereji iliyofuata ilipangwa kwa ngazi mbili: ya juu ina anguko la mita 4, ya chini mita 5.2. Viwanda vya Hamilton na Appleton vilichota kwenye ngazi ya juu na kumwaga maji yaliyotumika kwenye ngazi ya chini, ambako viwanda vingine, kama Massachusetts Mills na Boott, viliyachukua tena. Maji yaleyale yaliuzwa mara mbili kabla hayajarudi mtoni.

Kipimo cha mauzo kiliitwa mill power. Kilitokana na kiwanda cha pili cha Waltham: maji ya kutosha kuendesha pia (vijiti vinavyozunguka vya kusokotea uzi) 3,584 pamoja na mitambo yote inayokwenda nazo. Kwa anguko zima la mita 9 hiyo ni takriban mita za ujazo 0.71 kwa sekunde. Kwenye ngazi ya chini unahitaji 1.29, na kwenye ngazi ya juu, ambako anguko ni fupi kuliko yote, 1.71. Kwenye shafti unapata nguvu za farasi zipatazo 60. Mkataba uliuzwa pamoja na kiwanja: huwezi kupata maji bila ardhi, wala ardhi ya kiwanda bila maji.

Hitilafu za mpango huu zilikuwa mbili, na zote zinaonekana ukikaa kwenye daraja. Kiangazi mto unapungua, na viwanda vya mwisho wa mfereji ndivyo vinavyokauka kwanza. Ndiyo maana 1845 kampuni ya Lowell na ile ya Lawrence, mji ulio chini zaidi mtoni, zilinunua haki za kuzuia na kufungulia maji ya maziwa makubwa ya New Hampshire, Winnipesaukee likiwemo, zaidi ya kilomita 100 kaskazini. Wakulima wa huko hawakufurahi kuona ziwa lao likipanda na kushuka kwa ratiba ya viwanda vya jimbo jingine. Hitilafu ya pili huja masika theluji inapoyeyuka: mto unajaa hadi maji ya chini yanarudi nyuma na kuzamisha gurudumu. Mtu asiyejua angedhani maji mengi ni nguvu nyingi. Gurudumu lililozama linasukuma maji yaliyosimama mbele yake, anguko limepungua, na mitambo ya juu inakwenda polepole au inasimama kabisa.

Tatizo hilo la pili ndilo lililosaidia kuingiza turbini, kwa kuwa turbini hufanya kazi hata ikiwa imezama. Uriah Boyden alifunga ya kwanza Appleton mwaka 1844, ikatoa asilimia 78 ya nguvu ya maji. Baada ya miaka miwili alifika 88. Maji ya Boyden yaliingia katikati na kutoka nje. Francis akageuza njia: maji yaingie kutoka pembeni kuelekea katikati, ambapo mabawa yanaweza kuwa madogo na imara zaidi. Aliyajaribu magurudumu ya namna hiyo Boott mwaka 1849, akipima kila kitu, kina cha maji, kasi na mzigo kwenye breki, akachapisha hesabu zake 1855. Mitambo tisa ya megawati 235 katika Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji ni ya ukoo huo, na inaitwa Francis hadi leo.

Siku ya tatu: Boott, kutoka robota hadi jora

Siku hii nzima itumie ndani ya Boott Cotton Mills, kampuni iliyoanzishwa 1835. Chumba cha kufumia ghorofa ya chini kina vitanda 88 vya kampuni ya Draper vya mwanzo wa karne ya 20. Vinavyowashwa kwa wakati mmoja ni vichache, na bado utapewa vizibo vya masikio. Vivae. Kisha weka kiganja kwenye nguzo usikie jengo linavyotetemeka. Hiyo ndiyo sababu kuta za chini ni nene kuliko za juu. Ngazi nazo zimejengwa kwenye mnara wa nje: mnara uliacha sakafu nzima wazi kwa mashine, na moto ukitokea haukupata tundu la ngazi la kupandia katikati ya jengo.

Zamani, mpangilio wa ghorofa ulifuata uzito na mtikisiko. Mashine nzito za kuchana pamba zilikaa chini, kusokota juu yake, kisha kufuma, na juu kabisa kutayarisha mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa. Robota lilifunguliwa katika jengo la pembeni, kwa kuwa vumbi la pamba hushika moto kwa cheche ya msumari mmoja uliopita kwenye mashine.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Pamba hupigwa ili michanga na majani vidondoke. Huingia kwenye mapipa yenye meno ya waya yanayoichana mpaka nyuzi zilale upande mmoja, ikatoka kama utepe mlaini mnene kama kidole. Tepe kadhaa huunganishwa na kuvutwa pamoja kuwa moja, mara kwa mara. Wageni huona hatua hii kama upotevu wa muda, lakini utepe mmoja una sehemu nene na nyembamba, na ukiunganisha sita makosa yao hufutana. Uzi usio sawa kwenye bobini umeharibika hapa, si kwenye pia. Baada ya hapo utepe husokotwa kidogo, kisha husokotwa kikamilifu.

Uzi wa mtande, ule wa urefu, hupakwa wanga moto na kukaushwa, kwa sababu utasuguliwa na kitana maelfu ya mara. Wanga kidogo, uzi unachanika manyoya. Wanga mwingi, unakuwa mkavu na kukatika. Mshindio, uzi wa upana, haupakwi kitu. Halafu wanawake wenye macho makali walipitisha kila uzi wa mtande kwa kulabu kwenye tundu lake na pengo lake la kitana. Uzi mmoja ukikosea tundu, kasoro inashuka jora zima.

Kitanda kinafanya mambo matatu na kurudia: kinatenganisha mtande juu na chini, kinarusha mshindio katikati, kinaugonga kwa kitana. Kinachorushwa ni kijiti cha mti mgumu kilichochongoka pande zote mbili na kuvikwa chuma, tumbo lake limechimbwa kubeba bobini. Kwenye Draper kinapita zaidi ya mara 150 kwa dakika, kikisukumwa na fimbo yenye kamba ya ngozi. Ngozi ikilegea, kijiti hakifiki upande wa pili, mtande unakifungia ndani na mamia ya nyuzi yanakatika kwa pigo moja. Au kinaruka nje kabisa, na kimewahi kutoboa macho ya watu.

Ubora wa Draper ni bobini. Ikikaribia kwisha, kidole cha chuma kinahisi, nyundo inashindilia bobini mpya na kuitoa ya zamani huku mtambo unaenda. Vipande vyembamba vya chuma vimekalia kila uzi wa mtande. Uzi ukikatika, kipande kinadondoka na kitanda kinasimama. Kabla ya hapo mfumaji alibadilisha bobini kwa mkono, na kupitisha uzi mpya kwenye tundu la kijiti kwa kuuvuta kwa mdomo. Kijiti kimoja kilipita midomo mingi, na kifua kikuu kikapita nacho.

Tazama pia madirisha. Yalifungwa hata kiangazi, na baadaye mvuke ukapuliziwa ndani, maana uzi wa pamba katika hewa kavu hukatika ovyo. Hewa iliyofaa uzi iliharibu mapafu.

Juu ya kichwa chako zimepita shafti na mikanda ya ngozi. Waingereza walipeleka nguvu ghorofani kwa gia za chuma. Moody aliweka mikanda Appleton mwaka 1828, kwa kuwa mafundi wa hapa hawakuweza bado kuchonga gia kubwa zenye usahihi huo, na jino moja likivunjika kiwanda kizima kinalala. Mkanda ukikatika unashonwa.

Siku ya nne: mabweni na mtaa wa Acre

Mkabala na Boott kuna jengo la bweni lililorejeshwa. Wafanyakazi wa miaka ya mwanzo walikuwa zaidi wasichana wa mashambani New England, wengi wa umri kati ya miaka 15 na 30. Kengele ililia alfajiri, kazi ikaendelea hadi jioni, jumla karibu saa 73 kwa wiki. Bweni liligharimu dola 1.25 kwa wiki, likikatwa kwenye mshahara, na milango ilifungwa saa nne usiku.

Februari 1834 kampuni zilitangaza kupunguza mishahara, na wanawake wapatao 800 wakatoka. Walishindwa haraka: soko la nguo lilikuwa baya na maghala yamejaa. Oktoba 1836 bei ya bweni ilipopandishwa, walitoka zaidi ya 1,500, safari hii soko likiwa zuri na wafanyakazi wakiwa adimu. Waliwatoa watu wa chumba hiki au kile, na kiwanda chenye mfululizo kama huu hakihitaji kukosa wote ili kisimame. Baadhi ya kampuni zilirudi nyuma. Mwaka 1845 Sarah Bagley na wenzake walipeleka maombi ya siku ya saa 10 mbele ya kamati ya bunge la jimbo. Kamati ilisikiliza na kukataa. Sheria ilipatikana 1874.

Mifereji ilichimbwa na Waayalandi. Kundi la kwanza la watu 30 lilitembea kutoka Charlestown 1822 likiongozwa na Hugh Cummiskey, na kwa kuwa mpango mzuri wa kampuni haukuwa na nafasi ya kuwalaza wachimbaji, walijijengea vibanda mahali panapoitwa Acre hadi leo. Baada yao walipita hapo Wakanada wa Kifaransa, Wagiriki, na tangu miaka ya 1980 Wakambodia wengi mno. Kwa chakula cha mchana, kula Acre.

Siku ya tano: Lawrence

Kushuka mto kilomita 16 hivi. Bwawa la Lawrence, la 1845 hadi 1848, lina urefu wa mita 275 za matale yaliyochongwa, na masika maji yanapita juu yake bila kukatika ukingo hadi ukingo.

Simama mahali pa Pemberton Mill. Tarehe 10 Januari 1860, jioni, jengo la ghorofa tano lililojengwa 1853 liliporomoka mashine zikiwa kazini. Nguzo za chuma zilikuwa na uwazi ndani, na wakati wa kuzimimina kiini cha udongo kilisogea, upande mmoja ukawa mnene na mwingine mwembamba sana. Kwa nje nguzo ilionekana timamu. Juu yake zikaongezwa mashine nzito. Waokoaji walikuwa wakiwatoa watu usiku taa ilipovunjika na kuwasha pamba iliyolowa mafuta. Waliokufa wanakadiriwa kati ya 88 na 145. Ukikagua jengo lolote la zamani, toboa nguzo pande mbili zinazokabiliana upime unene.

Mgomo wa 1912 ulianza Everett Mill, kiwanda cha pamba, Januari 11. Sheria ilipunguza wiki ya wanawake na watoto kutoka saa 56 hadi 54, na waajiri wakapunguza mshahara kwa saa hizo mbili. Ulimalizika Machi kwa nyongeza.

Siku ya sita: Salem

Treni hadi North Station, Boston, kisha nyingine ya pwani hadi Salem. Mji huu hauna maporomoko. Naumkeag Steam Cotton Company ilifungua kiwanda chake hapa 1847 kwa mvuke, makaa ya mawe yakija kwa meli hadi mlangoni, na majora yakitoka kwa meli pia. Kiliungua katika moto mkubwa wa 1914, kikajengwa upya, kikafungwa miaka ya 1950, na majengo sasa ni ofisi.

Kutoka Derby Wharf, gati lenye karibu nusu maili, meli za Salem zilikwenda Unguja. Mkataba wa Seyyid Said na Marekani ulitiwa saini Septemba 1833, ushuru wa kuingiza bidhaa ukiwa asilimia 5, na konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters wa Salem, alifika 1837. Walipeleka merikani, kitambaa kigumu kisichopaushwa cha viwanda vya Massachusetts. Walirudi na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi ya kutengenezea vanishi. Bara, merikani ilihesabiwa kwa shuka ya mikono minne na doti ya mikono minane, na msafara ulilipa kwayo hongo (ushuru wa kupita), chakula na posho za wapagazi. Kilichopendwa ni uzito wake: kilivumilia kufuliwa na jua kuliko vitambaa vyepesi vilivyojaa wanga. Mnunuzi alikisugua kati ya viganja. Kikitoa unga na kulegea, ni wanga tu.

Pamba ya kitambaa hicho ilichumwa na watumwa wa majimbo ya kusini, na viwanda vya Lowell vilifuma pia nguo duni ya kuwauzia mabwana wa mashamba hayo wawavishe watumwa wao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861, kampuni kadhaa za Lowell ziliona faida kuuza pamba iliyokuwa ghalani kwa bei ya vita kuliko kuifuma, zikafunga milango na kuwaachisha watu. Unguja bei ya merikani ilipanda, na vitambaa vya Manchester na Bombay vikachukua nafasi. Biashara ilirudi baada ya vita, lakini haikuwa tena peke yake sokoni.